Saa Tisa ya Shangazi: Tikiti Ilikuwa Sahihi, Treni Ikaondoka

Jumanne moja ya Novemba, shangazi yangu alisimama mbele ya vizuizi vya stesheni ya Roma Termini na masanduku mawili, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja treni yake iondoke. Nauli ilikuwa imelipwa wiki tatu nyuma. Treni ilikuwa relini, milango wazi, kiti chake kinamngoja. Ikaondoka bila yeye.

Kabla hata hajafika Padova, mji aliokuwa akiuendea, jioni ile, familia ilikuwa imeshatoa hukumu, na jumba bovu lilimwangukia binamu yangu, mwanawe, aliyekata tikiti kwenye intaneti kutoka Mombasa. Kosa lake, walisema, ni kumnunulia mama tikiti ya bei ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa wala kurudishiwa pesa. Ujumbe wa sauti mmoja kwenye kundi la familia ulikwenda dakika nne nzima juu ya ubahili wa watoto wa siku hizi. Nimekusanya jumbe zote, risiti zote, nikapanga matukio kwa saa na dakika, na kadiri ninavyozidi kuyatazama ndivyo ninavyozidi kuona kuwa tikiti ile imesingiziwa.

Kwanza wahusika. Shangazi ana miaka 63, ni wa Malindi, na alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika jiko la hoteli ya Waitaliano. Anayeijua Malindi hatashangaa nikisema Kiitaliano chake kinatiririka: ni mji ambao kijana wa ufukweni hupatana bei kwa lugha hiyo bila kuingia darasani hata siku moja. Kumbuka Kiitaliano hicho, kwa sababu ndicho kilichomponza. Binamu yuko Mombasa, na treni anayoijua ni ya SGR. Mimi niko Padova, na wiki ile nilikuwa zamu ya usiku; nilimwambia binamu, "Wewe kata tikiti, mimi nitampokea." Maneno mepesi, nami nina sehemu yangu katika yaliyofuata.

Ndege ilitarajiwa kutua Fiumicino saa 13:05. Binamu alitafuta treni ya Roma kwenda Padova mchana huohuo. Hakuna haja ya kubadili njiani: treni za kasi kutoka Roma hupita Firenze na Bologna, zikafika Padova kwa saa tatu na nusu hivi, kisha zikaendelea Venezia au mbele zaidi. Kwenye skrini alikuta treni ya 15:35 kwa euro 29.90, na treni hiyohiyo, kiti cha aina hiyohiyo, kwa euro 84. Akachukua ya 29.90.

Hapo ndipo mtu aliyezoea SGR hujiuliza: kiti kimoja kina bei mbili vipi? Mombasa kwenda Nairobi nauli ya daraja la pili ni moja, ukate mwezi kabla au siku mbili kabla. Ukiwahi unapata nafasi, hupati punguzo. Italia wana mifumo miwili inayoishi stesheni moja. Treni za mikoa, Regionale, zinafanana na SGR kwa jambo hilo: bei hufuata umbali na haipandi, ingawa kiti hakina namba. Treni za kasi huuzwa kama ndege. Tangu Aprili 2012, kampuni binafsi ya Italo ilipoanza kukimbia kwenye reli zilezile za Trenitalia ya serikali, abiria wamekuwa wakigombewa kati ya Milano, Bologna, Firenze, Roma na Napoli, na kila upande una ngazi zake za bei. Kwa Trenitalia ngazi hizo huitwa Base, Economy na Super Economy. Base unaibadilisha utakavyo kabla ya treni kuondoka, na ukiamua kutosafiri unarudishiwa pesa zikiwa zimekatwa sehemu. Economy unaibadilisha ukilipa tofauti, ila kabla ya saa ya kuondoka. Ya chini kabisa ni ya treni ile, siku ile, basi. Italo nao wana Flex juu na Low Cost chini, mantiki ni ileile. Nani alimuuzia binamu si muhimu hapa.

Kwa mtu wa Pwani hili lina ugumu wake. Basi la Malindi likikuacha, unakwenda ofisini, unamwamkia mzee wa kaunta, unamweleza mama alichelewa hospitalini, na mara nyingi unapandishwa la saa inayofuata. Tikiti kwetu ni mwanzo wa mazungumzo. Ile ya euro 29.90 haizungumziki. Ulichonunua si safari ya Roma kwenda Padova. Ni kiti kimoja ndani ya treni moja, na treni hiyo ikitoka, kiti kinatoka nayo.

Sasa hesabu, maana familia ililaani tikiti hii bila kupiga hesabu. Binamu alilipa 29.90 na ada ya wakala 2.50, jumla 32.40. Treni ilipoondoka, mimi nilimnunulia shangazi nyingine siku ileile kwa 71.90. Safari nzima ikawa euro 104.30. Angenunua ile ya 84 tangu mwanzo, na ikabadilishwa kwa wakati, tungekuwa mbele kwa euro 20 tu. Angeipata treni yake, tungekuwa tumeokoa 51. Chukua wasafiri watatu wa namna hii, wawili waachwe na treni, mmoja aipate: kwa njia ya binamu watalipa jumla ya euro 241, kwa njia ya tikiti ya 84 watalipa 252. Hata ukiachwa mara mbili kwa tatu, bado rahisi ni rahisi.

Hesabu hiyo ina nyufa mbili, na sitazificha. Ilikuwa Jumanne, ingekuwa Ijumaa jioni au Jumapili, tikiti ya siku ileile ingeweza kupita 84 au isiwepo kabisa. Na euro hazipimi saa mbili za mama wa miaka 63 aliyesimama kwenye stesheni ya ugenini, mwanzoni akiamini kwamba treni yake iliondoka yeye akiwa bado angani. Lakini ukiniuliza kama binamu alikuwa mjinga pale alipobonyeza 29.90, nitasema hapana. Alicheza, na karata yake ilikuwa nzuri.

Muda aliouacha ndio uliokuwa mwembamba. Tikiti ya ndege imeandikwa Roma na ya treni imeandikwa Roma, akaona ni mji mmoja. Fiumicino iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Roma. Mtu anayejua kwamba stesheni ya SGR ya "Mombasa" iko Miritini hakupaswa kudanganyika, nilimtania hivyo, naye akakubali. Saa mbili na nusu kati ya kutua na treni lazima zitoshe foleni ya pasipoti za nje ya Ulaya, masanduku, treni ya uwanja wa ndege, na mwendo wa miguu ndani ya Termini. Treni ya moja kwa moja, Leonardo Express, ni euro 14 na dakika 32, na huingia kwenye reli za 23 na 24, pembeni kabisa, kwa hiyo bado kuna kutembea. Ipo pia ya mkoa, FL1, euro 8, ambayo haiendi Termini ila hupita Trastevere na Ostiense hadi Tiburtina, stesheni ya pili ya treni za kasi. Angekatiwa tikiti ya kuanzia Tiburtina angelipa kidogo na angekwepa umati wa Termini, ingawa safari ya kutoka uwanjani ni ndefu kidogo.

Ndege ilichelewa dakika thelathini na tano. Ilitua 13:40. Shangazi alitoka nje na mizigo 14:35, jambo la kushukuru. Alifika Termini 15:22. Ndiyo, alifika. Familia yote hadi leo husema "ndege ilimchelewesha." Ndege ilimbana, haikumzuia. Dakika kumi na tatu zinatosha ukijua unakokwenda.

Hapa sasa ndipo kisa kilipo.

Wiki tatu nyuma, binamu alianza kwenye tovuti ya kampuni ya treni yenyewe. Kadi aliyotumia ilikuwa ya mama. Benki ikatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu, na simu hiyo ilikuwa mkobani mwa mwenyewe, Malindi, harusini, ngoma zinalia. Namba ikaisha muda. Akajaribu tena, ikaisha tena. Mara ya tatu benki ikafunga kadi kwa siku hiyo. Akahamia kwenye tovuti ya wakala, iliyokubali kadi yake mwenyewe bila maswali. Uamuzi wa kawaida kabisa, ningefanya hivyohivyo saa tano usiku. Matokeo yake ni kwamba tikiti ilitumwa kwenye barua pepe ya binamu, Mombasa, si ya msafiri. Na wakala alikuwa ameandika majina ya miji kwa Kiingereza: Rome, Padua.

Kutoka hapo binamu akamtumia mama ujumbe huu, nauandika kama ulivyo:

"Mama treni ni saa 9:35 mchana, Rome kwenda Padua, behewa 7 kiti 12C. Bonyeza hapa kuona tikiti."

Kwa Kiswahili hakuna neno lenye kosa humo. Saa 15:35 ni saa tisa na dakika thelathini na tano mchana, nani asiyejua. Ila mle ndani mna mitego mitatu.

Wa kwanza ni ule mstari wa "bonyeza hapa". Hakumtumia faili la tikiti, alimtumia njia ya kulifikia. Laini ya Malindi haikuwa na mtandao Italia. Uwanja wa ndege una waifai ya bure, na shangazi aliitumia kuandika "nimefika alhamdulillah", akafunga simu kulinda chaji. Alipofika Termini na kubonyeza, duara likazunguka, likazunguka.

Wa pili ni Padua. Ubao wa treni Italia huandika Padova, na hilo shangazi alilijua, maana mimi nimekaa huku miaka saba na yeye husema "mwanangu wa Padova". Lakini ubao mkubwa pale Termini hauandiki unakoshuka wewe, huandika treni inakoishia. Treni yake iliandikwa Venezia S. Lucia. Padova ilikuwa imo katika mstari mdogo unaotembea wa vituo vya njiani, na kuusoma mstari huo unahitaji kwanza kujua ni treni gani unayoitazama. Aliutafuta mji wa Padova juu hadi chini, hakuuona. Kitambulisho halisi cha treni ni namba yake. Namba haibadiliki kwa lugha, haina jina la Kiingereza wala la Kiitaliano. Ujumbe wa binamu haukuwa na namba.

Wa tatu ni saa. Shangazi ni mtu wa karatasi. Kabla ya safari alinakili kila kitu kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, akautia kwenye pochi. Ninao ukurasa huo. Unasema: *Treni 9:35. Padua. 7 – 12C.* Chini yake namba yangu ya simu. Neno "mchana" lilianguka njiani, kama linavyoanguka kwa mtu yeyote anayenakili harakaharaka, maana kwetu saa tisa isiyoelezwa ni ya mchana. Nani anasafiri saa tisa za usiku?

Akaufuata mlango wa vizuizi, ambapo wanakagua tikiti kabla ya kukuruhusu kufikia reli. Simu haifunguki. Akatoa karatasi, na kwa Kiitaliano chake kizuri, Kiitaliano ambacho laiti kingekuwa kibovu kijana mkaguzi angetaka aone kitu kwa macho yake, akasema: "Alle nove e trentacinque, per Padova." Tisa, nove. Kijana akatazama karatasi: 9:35. Akatazama saa ya ukutani: 15:24. Akamwambia kwa upole kwamba treni hiyo iliondoka asubuhi, signora, na akamwonyesha ukumbi wa kukatia tikiti.

Simlaumu kijana. Alisikia saa tatu asubuhi, akasoma saa tatu asubuhi. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, wao wanahesabu tangu usiku wa manane, na katikati hakukuwa na mtu wa kuziba pengo la saa sita. Aliyeweza kuliziba ni shangazi mwenyewe, na nilimuuliza. Miaka yote ile jikoni, mpishi akisema "alle otto", yeye alijua ni saa mbili. Alikuwa akigeuza saa mara hamsini kwa siku. Imekuwaje siku hiyo?

"Babangu," akaniambia, "kugeuza saa najua tangu ujana wangu. Lakini pale sikuwa nataja saa. Nilikuwa nasoma karatasi."

Jibu hilo nimelitafakari kuliko risiti zote. Mtu akitaja saa, akili inaliona jua liko wapi. Akisoma tarakimu, anasoma tarakimu tu. 9 ni nove, iwe mchana au usiku. Na hofu ya ugenini, masanduku mawili, watu wanapita kama maji, hakuna nafasi ya kuliwaza jua.

Treni ya 15:35 ikaondoka. Yeye alikuwa kwenye foleni ya tikiti, na namba ya foleni mkononi, akiamini ameshachelewa saa sita.

Alinipigia 15:50 kwa simu ya kuazima. Msichana mmoja nyuma yake kwenye foleni alimsaidia. Ilinichukua dakika tatu kuelewa. Nilipomwambia, "Shangazi, treni yako imeondoka robo saa iliyopita, si asubuhi," kulikuwa na kimya ambacho nisingependa kukisikia tena.

Sehemu yangu sasa. Nilikuwa na njia tatu kwenye skrini. Treni ya 16:35 kwa euro 89. Ya 17:35 kwa 71.90. Au kuikata safari vipande viwili: treni ya kasi hadi Bologna kwa 49.90, kisha Regionale hadi Padova kwa euro 11 hivi. Hiyo ya tatu ni mbinu ninayoitumia mwenyewe na inafaa kuelezwa, maana watu wengi huipanga kinyume. Kipande cha mwisho kikiwa cha treni ya mkoa, kuchelewa kwa kipande cha kwanza hakukuumizi. Bei haibadiliki na treni inayofuata ipo. Ukigeuza, mkoa kwanza na kasi baadaye kwa tikiti ya bei ya chini, umejitega. Lakini Bologna si stesheni ya kumbadilishia mtu aliyechoka. Treni za kasi zinaingia chini ya ardhi, reli ya 16 hadi 19, kwenye stesheni iliyofunguliwa 2013, ngazi juu ya ngazi. Na juu kuna reli za kawaida, na zaidi kuna reli zenye namba zilezile zilizoongezwa Est na Ovest, kwa hiyo "reli ya 4" na "reli ya 4 Ovest" ni mahali pawili tofauti na kati yao kuna mwendo. Vijana wenye mkoba wa mgongoni hukimbia pale. Nikaiacha.

Kati ya 89 na 71.90 nikachagua 71.90. Nikaokoa euro 17, na shangazi akakaa saa moja zaidi juu ya sanduku lake, kwa sababu Termini ina maduka mengi kuliko viti. Alikuwa ametoka Malindi jana yake alasiri. Nikitazama nyuma, hilo ndilo kosa ambalo familia ilimbandika binamu, ila aliyelifanya ni mimi: nilitazama bei kabla ya kumtazama mtu. Hakuna aliyenilaumu. Mwokozi halaumiwi.

Safari hii nilimwambia aandike ninavyosema, akaandika nyuma ya ukurasa uleule. Namba ya treni kwanza. Kisha 17:35, na nikamwambia atamke *diciassette e trentacinque*, asitamke kitu kingine. Ubaoni atafute Venezia. Behewa 4, kiti 8A. Halafu ule msimbo wa herufi sita unaokuja na kila tikiti, nikamtajia herufi moja moja: D ya Dodoma, M ya Malindi. Msimbo huo kwenye treni za kasi unatosha kumtambulisha abiria kwa mkaguzi hata simu ikizima. Nikampa na la mwisho, kwamba namba ya reli, *binario*, haitangazwi mapema. Hutokea ubaoni dakika chache kabla, watu wakaanza kwenda kwa kishindo, asiogope kishindo. Alipita vizuizi bila shida. Alifika Padova saa tatu kasoro usiku, nikiwa nimeomba ruhusa kazini, na neno lake la kwanza lilikuwa "una chai?"

Kwenye kundi la familia mtu aliuliza kwa nini tusidai fidia. Swali zuri, jibu lake ni fupi. Ulaya ina kanuni ya haki za abiria wa treni, namba 782 ya 2021, inayofanya kazi tangu Juni 2023: treni ikichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119 unadai robo ya nauli, ikifika dakika 120 au zaidi unadai nusu. Lakini ni treni ikichelewa. Treni ya shangazi haikuchelewa hata dakika. Ndege ni mkataba mwingine na watu wengine, na hata kama ingechelewa saa tano, kampuni ya treni haihusiki. Ukizinunua mbalimbali, hazijuani.

Kuna lililoweza kuiokoa ile tikiti yenyewe bila kubadili tabia ya mtu yeyote? Ngazi ya katikati, kidogo. Saa 14:35, shangazi alipotoka nje, zilikuwa zimebaki saa moja kamili. Angekuwa na tikiti ya aina ya Economy, binamu angeweza kukaa Mombasa, ambako ni saa mbili mbele kwa majira ya baridi, akaisogeza hadi treni inayofuata kwa kulipa tofauti. Lakini ili afanye hivyo angehitaji kujua mama yuko wapi, na mama alikuwa hana mtandao. Tunarudi palepale. Laini ya simu ya Italia au pakeji ya mtandao wa nje ingeweza kugharimu pungufu ya zile euro 20 zilizopotea, na ingefungua tikiti mbele ya yule kijana wa vizuizi. Msimbo wa mraba kwenye skrini hausemi "nove".

Kwa hiyo binamu nimemwandikia kumtetea, na kumsuta pia. Bei ilikuwa sahihi. Muda ulikuwa mwembamba lakini ulitosha. Kazi yake aliimalizia pale malipo yalipokubaliwa, skrini ikawa ya kijani, akalala. Tikiti anayonunua mtu mmoja na kusafiria mwingine huwa haijamalizika hapo. Inabaki kuvuka kutoka mkono hadi mkono, na mkono wa mwisho uko kwenye stesheni inayosema lugha yake, inayohesabu saa zake, na kuandika jina la mji wa mwisho badala ya mji wako. Alimwandikia mama yake kama mwana anavyomwandikia mama. Alitakiwa amwandikie yule kijana wa vizuizi.

Alinijibu kwa neno moja, "Sawa", na baada ya saa moja akaongeza, "Lakini ile kadi ilikuwa yake na simu alikuwa nayo harusini." Nami nikamjibu sawa.

Siku zilizobaki za ziara ziliendeshwa na shangazi mwenyewe. Tulikwenda Venezia kwa Regionale, karibu euro tano, na nikamwonyesha jambo dogo linalowatoza faini wageni: tikiti ya karatasi ya treni ya mkoa hupigwa muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, na ile ya simu hufunguliwa kwa kubonyeza *check-in* kabla ya kupanda pia. Aliibonyeza yeye. Akauliza kwa nini kuna Venezia Mestre na Venezia Santa Lucia, nikamwambia ya kwanza iko bara, ya pili iko majini, akasema, "Kama Likoni na Kisiwani." Basi, amefahamu kuliko vitabu vya watalii.

Tikiti ya kurudi Roma tulikata ya bei ya chini kabisa, euro 26.90. Nilimuuliza kama anaogopa. Hapana, alisema, safari hii atatoka kitandani kwangu, hatoki kwenye ndege, na Roma atalala usiku mmoja kwa masista wenye nyumba ya wageni, ndege ni kesho yake. Alikuwa ameshafikia mwenyewe lile nililotaka kumweleza.

Usiku wa kuamkia safari alitoa daftari na kalamu. Nilitaka kumtajia, akanizuia kwa mkono. Akaitazama tikiti simuni, akanakili polepole: namba ya treni, *Venezia–Napoli, nashuka Roma Termini*, msimbo, herufi sita. Kisha saa. Aliandika 9:28, akaitazama kwa muda, akaongeza ubavuni *nove e ventotto*, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi ya zote, *SAA TATU ASUBUHI, BAADA YA CHAI*.